Mpelelezi wa Wachumba

Wahenga walisema mganga hajigangi. Maana yake si kwamba mganga hajui dawa. Dawa anaijua sana, ila mkono unaowafikia wengine wote haufiki mgongoni mwake mwenyewe. Asiyeamini na amsikilize Vénérand wa Jeppestown.

Vénérand, Mrundi mwenye kitambi na sauti ya kuamrisha, alianza kwa kulinda milango ya mabenki huko Sandton. Mwaka 2016 aliacha lindo, akapangisha chumba juu ya gereji na kubandika kibao: MPELELEZI WA WACHUMBA. Kazi hiyo hakuna mtu wetu aliyewahi kuifanya mjini Johannesburg. Kule Uvira au Bujumbura, kijana akitaka kuoa, mashangazi hutoka asubuhi wakarudi jioni na habari za ukoo mzima: nani mlevi, nani mchawi, nani ana mke wa siri. Lakini Johannesburg mashangazi watatoka wapi? Kila mtu alishuka kwenye basi na begi lake na sifa alizojipa njiani. Pengo hilo Vénérand aliliziba, nalo likampa ugali na jina.

Alijiwekea amri moja: hapelelezi mtaani kwake. "Mke wangu Epiphanie akiniona kazini," alizoea kusema, "kabla ya chakula cha mchana kanisa zima linajua." Kwa hiyo, mtu anayempeleleza akiingia mtaa ule, yeye hugeuka akarudi zake.

Siku moja alijiwa na Mama Angélique, Mkongomani mwenye saluni Kensington na ulimi mkali kama wembe.

"Papa, mwanangu Pacifique amepata msichana, ananificha. Kila jioni anajipulizia marashi mpaka nzi wanahama nyumba, halafu huyoo! Nataka kujua ni wa nyumba gani."

"Hiyo kwangu ni kumsukuma mlevi, Mama. Kalale."

Vénérand akavaa kizibao kinachong'aa cha walinda magari, kwa kuwa Johannesburg hakuna anayemtazama usoni mtu wa kizibao kile. Akamnyemelea Pacifique kama paka aliyeona panya. Dereva mmoja akamsimamisha amwongoze kurudi nyuma. Vénérand, macho yote kwa kijana, akamwongoza moja kwa moja kwenye pipa la taka.

"Eish, mzee! Kwani wewe ni kipofu?" dereva akafoka.

Kila jioni njia ilikuwa ile ile. Pacifique alivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, akapita spaza ya Salum, kiduka cha mtaani, akakata kona na kuingia mtaa wa Vénérand. Naye Vénérand, mtu wa msimamo, akageuka. "Anapita tu, anaenda mtaa wa pili," alijiambia.

Mama Angélique alipotaka majibu, mpelelezi aliona haya kusema hajui. Akakunja nne, akakohoa.

"Mama, msichana yule hana baba."

"Amekufa?"

"Amekufa au yu hai kama gogo, ni mamoja. Baba mwenye macho angeacha kijana amfuate binti yake kila jioni? Mwachishe mwanao mapema."

Mama Angélique akarudi nyumbani na kuipiga ndoa marufuku. Pacifique aliapa kwamba baba yupo.

"Umewahi kumwona?"

"Hapana, Mama. Kila jioni nikifika, hayupo."

"Basi!"

Kesho yake Vénérand alikwenda nyumbani kula, akamkuta binti yake Joséline analia kama mfiwa, maharagwe yameungua jikoni.

"Nani amemgusa mwanangu?" alinguruma.

"Amekataliwa," Epiphanie alijibu. "Alikuwa na mchumba, kijana wa heshima, kila jioni tunakunywa naye chai hapa. Tulingoja ukae nyumbani jioni moja tukuambie. Kazi yako tulimficha, asije akakimbia. Sasa mama yake amekataa. Eti mpelelezi fulani kasema Joséline hana baba."

"Mpelelezi gani mpumbavu huyo?" Vénérand akapiga meza. "Nitajie jina lake!"

Epiphanie akamnyooshea mwiko. Mji mzima ulikuwa na mpelelezi mmoja. Vénérand akavuta kiti, akaketi.

"Kijana huyo… ni Pacifique?"

Joséline akaangua kilio upya.

Akinyamaza, jina lake litabaki na binti atakosa mume. Akisema, kazi itamfia mikononi. Vénérand hakula. Alikwenda Kensington, akaingia saluni iliyojaa wanawake.

"Mama Angélique, msichana ana baba."

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Vitana vikasimama hewani.

"Si ulisema ni gogo!"

"Nilisema."

"Ukasema hana macho!"

"Hilo nalo nilisema, Mama. Katika maneno yangu yote, la kweli ni hilo."

Saluni ililipuka kwa kicheko. Mama Angélique alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akajifuta machozi.

"Anayekubali kuchekwa hivi kwa ajili ya binti yake, huyo ni baba. Tutakuja kuposa Jumamosi. Lakini nyumba yako nitaichunguza mwenyewe, Papa. Wewe usijisumbue!"

Posa ikapokelewa, na vigelegele vikasikika hadi kwa Salum. Kazi nayo haikufa, maana anayekiri kosa lake hadharani huaminika. Watu waliendelea kumletea wachumba wao awachunguze, na nyumba zao akazijua kuliko walivyozijua wenyewe. Ya kwake tu ndiyo iliyombidi asimuliwe na mkewe. Hakika, mganga hajigangi.