Maneno ya Mwanzo Aliyoyaruka Mnadi

Wamesimulia waliotutangulia kwamba asubuhi ile barazani walikuwepo hawa: Kadhi Mundhiri, mgeni katika mji ule, hajatimiza mwaka; Habbani, mnadi wa soko, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea watu amri za liwali; Ghailani, mfuma majamvi, ndiye mshitaki; Bibi Raihana mkunga, ndiye mshitakiwa; na Lubaba, mzazi wa siku tatu, pamoja na kichanga chake ambacho kilikuwa bado hakijapewa jina.

Mji ulikuwa kando ya mto katika nchi ya Iraki, na nyumba zake zote zilikuwa za matete. Miaka kumi na miwili nyuma uliungua wote kwa nusu siku. Tangu hapo liwali akaweka amri: siku ya upepo mkali hupandishwa bendera nyekundu sokoni, na mpaka ishushwe asiwashe mtu moto. Atakayewasha, atavunjiwa nyumba na kutolewa mjini mwaka mzima.

Basi siku tatu nyuma, baada ya sala ya alfajiri, Ghailani alikuwa amesikia harufu ya moshi kutoka nyumba aliyokuwa akizalisha Bibi Raihana, na bendera iko juu. Moto wenyewe hakuuona, na majivu yalikwisha fagiliwa. Bibi Raihana angekana, mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa mja aliyemwogopa Mola wake kuliko kuvunjiwa nyumba.

Kabla ya kuuliza lolote, kadhi aliagiza Lubaba aletewe takia la kuegemea. Habbani naye, bila kuambiwa, akasogea mlangoni akasimama ili upepo usimpige mtoto. Ndipo kadhi akamuuliza mkunga.

"Niliwasha mimi, ewe kadhi," alisema. "Mtoto alizaliwa wa baridi kama jiwe la mtoni, wala hakulia. Nikampasha mpaka akalia."

Ghailani hakulegea. Alisema, "Na binti yangu aliyeungua mji ulipowaka? Aliyewasha moto siku ile naye alikuwa na sababu yake."

Kadhi akamwamuru Habbani aisome amri. Habbani akatoa karatasi mkobani, akaanza kama alivyoanza kila siku ya soko kwa miaka kumi na mmoja: "Atakayewasha moto..." Alipomaliza akaikunja. Kadhi akainamisha kichwa, akasema kwamba amri iko wazi.

Bibi Raihana hakulia. Alimwinamia Lubaba akamfunika mtoto kifua vizuri, akaanza kumweleza taratibu namna ya kusafisha kitovu, maana yeye hatakuwepo.

Habbani aliyaona hayo, akaitazama tena karatasi mkononi. Karatasi ile haikuanzia pale alipoanzia yeye. Juu yake palikuwa na maneno marefu ya liwali, na mwaka wa kwanza aliyasoma. Lakini wauza samaki walimkatiza kila mara: "Soma panapouma, Habbani, samaki wetu wanaoza." Watu wakacheka, naye akayaacha, mpaka yakasahaulika. Kuyataja leo ni kukiri kwamba amelificha neno la mtawala. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na hakuwa na kazi nyingine.

Akapiga hatua mbele. "Ewe kadhi, nimekosa. Amri ina mwanzo, na mimi nimeukata miaka yote hii."

Akaikunjua karatasi, akasoma: "Tumeweka amri hii ili roho za watu zihifadhiwe, na ili kila mtu aambiwe mapema lililokatazwa, na ili aliyepuuza na aliyelazimika wasihukumiwe hukumu moja."

Kadhi akanyanyuka kwenye mkeka wake. Akamwomba arudie, naye akarudia. Kisha akamgeukia mkunga upesi, akamuuliza aliuwasha vipi moto ule. Bibi Raihana akaeleza: makaa machache ndani ya chungu, chungu ndani ya shimo, mitungi miwili ya maji pembeni, na jamvi lililoloweshwa limening'inizwa ukutani.

"Jamvi gani?" akauliza Ghailani.

Mkunga akaona haya. "La kwako, mwanangu. Nililichukua uani kwako bila ruhusa. Nisamehe."

Siku tatu Ghailani alikuwa akimlaani aliyelilowesha jamvi lake jipya. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, akasema kwamba laiti mtu angelowesha jamvi siku ile ya binti yake. Akafuta mashitaka kwa ulimi wake mwenyewe. Kadhi akahukumu kwamba nyumba ya Bibi Raihana isiguswe. Na Habbani, adhabu yake ni kuisoma karatasi yote kila siku ya soko, watu wakipenda wasipende.

Ndugu zangu, amri ile iliandikwa na watu waliokuwa wamezika watoto. Huruma yao ilikuwa imo humo tangu mwanzo, juu kabisa ya karatasi, ikisubiri mtu mmoja mkweli aisome. Mola atujaalie kuwa wakweli hata pale ukweli unapotugharimu riziki.

Siku ya soko iliyofuata, Habbani alisoma kuanzia juu, na adhana ya adhuhuri ikamkuta bado anasoma.