Sangiwa na Maji ya Genge la Ikuvo

Mmekwisha nawa mikono, mmekwisha kunywa, basi tulieni, enyi Wakimburi, maana maji hayo mliyonawa yana mwenyewe, na mwenyewe nitamtaja leo pamoja na ukoo wake kama nilivyotajiwa na walionitangulia.

Zama za mababu wa mababu zetu, mlima huu ulipokuwa bado mali ya nyani na ukungu, na watu wakila mtama mwekundu kwa kuwa mahindi hayajafika, alizaliwa Sangiwa mwana wa Semvua, mjukuu wa Kirumbi mfua chuma, kitukuu cha Mbonea aliyepanda kutoka bondeni amebeba moto ndani ya chungu. Huyo ndiye Sangiwa Mtambaa-Genge, Kifua-Pima-Maji, aliyepinda peke yake upinde ulioshinda wanaume wawili. Alizaliwa na miguu myembamba kama mirija ya pombe, miguu iliyolala pale ilipowekwa na haikumtii hata siku moja.

Na zama hizo ilikuwapo sheria. Mtoto aliyeanza kung'oka meno ya utoto naye hajasimama, alipelekwa ukingoni mwa Genge la Ikuvo akasukumwa chini, na wa kumsukuma alikuwa baba yake mzazi, ili ukoo mmoja usije ukadai damu kwa ukoo mwingine. Wazee walisema mlima ni mkali na chakula ni haba, na asiyeweza kumkimbia adui huwachelewesha wanaoweza. Waliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza namna ya kuchuna mbuzi.

Jino la kwanza la Sangiwa liling'oka akitafuna muwa. Alijua maana yake, akafumba kinywa siku mbili. Siku ya tatu baba yake alimwambia afumbue, akatazama, akambeba mgongoni mpaka Ikuvo. Mtoto alimkumbatia shingoni, na Semvua ilimbidi aibandue mikono ile kidole kimoja kimoja.

Hakufika chini. Alinasa kwenye kichaka kilichoota katika ufa wa mwamba, akakaa hapo mpaka pumzi ikamrudia, kisha akaanza kupanda kwa mikono. Alipanda siku mbili na asubuhi ya tatu, akilamba unyevu wa mawe, miguu ikiburutika nyuma yake, na kwa safari hiyo kifua chake kikajifunza mwamba. Alipotambaa akaingia uani kwa mama yake Nanzia, alimkuta amekwisha kunyolewa nywele za msiba.

Wazee wakaketi, na Mtemi Kibacha akatoa hukumu.

"Genge limemkataa, na kilichokataliwa na genge hakitupwi mara ya pili. Lakini matanga yake tumekwisha kuyala. Mtu huyu ni maiti. Maiti hali chungu kimoja na walio hai, hapewi shamba, haoi, na jina lake halitajwi. Atakayelitaja atamfuata alikotupwa."

Basi mama yake akamwita Mgeni. Alimwekea chakula nje ya mlango juu ya jani la mgomba, akasema, "Karibu, Mgeni," na Sangiwa akajibu, "Ahsante, mama mwenye nyumba," kwa maana angekosea kujibu, ambaye angesukumwa ni mama. Wakaishi hivyo miaka ishirini na mmoja.

Aliyemhitaji alikuwa babu yake Kirumbi, kwa kuwa mfua chuma hutaka mchanga mweusi wa vijitoni unaotoa chuma, na kuukusanya ni kuinama mpaka mgongo ukatike. Sangiwa hakuwa na haja ya kuinama. Kirumbi alimshonea viatu vya viganja kwa ngozi ya nyati, naye akawa analala ndani ya vijito tangu asubuhi hadi jioni, akichota mchanga, akijifunza maji. Wenye miguu huyavuka maji. Yeye aliishi ndani yake. Alifika mahali pa kuweka shavu juu ya ardhi tupu akajua tone litaelekea wapi kabla halijadondoka.

Ndipo ukaja ukame. Mwaka wa tatu vijito vikafa, na mto wa bondeni ukawa mikononi mwa watu wenye mikuki, hata kila mtungi uliopanda mlimani ulikuwa umemgharimu mtu uhai. Sangiwa akatambaa mpaka katikati ya baraza, mahali ambapo maiti hana ruhusa, akasema:

"Chemchemi ya Mavovo, nyuma ya mgongo wa mlima, haijakauka. Maji yake yanaweza kufika hapa kwa mfereji. Njia yote nimeilalia kwa kifua changu. Inashuka kidogo kidogo bila kukatika, nayo inapita usoni mwa Ikuvo. Nitayaleta. Nami nataka mambo mawili: sheria ya genge ife, na jina langu lirudi."

Kibacha akamjibu huku akiwatazama wazee wenzake. "Maiti hafanyi mapatano. Leta maji, kisha tutasikia."

"Basi nipeni wafanyakazi. Nipeni wale mliowaficha."

Hapakuwa na ukoo usio na mtu wake darini au ndani ya kihenge cha mtama. Mtemi akaridhia upesi. Alihesabu kwamba wakifa kazini, njaa imepunguziwa vinywa. Wakatolewa watu arobaini na mmoja wakikunja uso kwa mwanga: wasioona, wenye kifafa, waliolika vidole kwa ukoma, wenye mkono mmoja. Wa mwisho alitoka nyumbani kwa Mtemi mwenyewe. Alikuwa Kiande, dada yake Kibacha, mwanamke mtu mzima aliyefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba tangu usichana wake.

Kiande alitembea vizuri na kuona vizuri, lakini hakuitikia salamu, hakumtazama mtu machoni, na kelele za watu zilimfanya ajipige kichwani kwa ngumi. Kutwa alipanga kokoto, na mtu akiisogeza moja hulia mpaka irudi. Wenzake walimpigia kelele afanye kazi, naye akajipiga. Sangiwa akawanyamazisha wote. Aliweka jiwe mbele yake, akangoja. Alingoja mpaka jua likageuka. Mwisho Kiande akalichukua jiwe, akaligeuza, akalitia mahali pake katika ukuta wa mfereji, na hata unywele haukupita kati yake na la pili. Tangu hapo yeye akawa mjenzi, Sangiwa akawa mpimaji, na neno lao lilikuwa moja. Jiwe likikataa, Kiande husema, "Halijakaa." Likikubali, husema, "Limekaa."

Walifanya kazi miezi kumi na moja. Chakula kilitumwa pale tu walipokumbukwa. Usoni mwa Ikuvo walichonga njia nyembamba ambayo hata mbuzi asingeisimamia, na wasioona waliongoza kwa kuwa kina hakikuwatisha. Mwenye kifafa alianguka siku ya ugonjwa wake, na waliomshika walianguka naye. Chini waliona mifupa midogo iliyotangulia, myeupe kama mihogo iliyoanikwa. Mfereji ulipofika kijijini walikuwa wamebaki kumi na wanne.

Maji yakaja asubuhi, yamebeba majani makavu na povu. Watu wakalala kifudifudi wakanywa pamoja na ng'ombe wao. Sangiwa alikuwa gengeni akiziba mvujo wa mwisho, akingoja aitwe.

Hakuitwa. Siku hiyohiyo binti wa mfinyanzi, ambaye hajasimama bado, alikuwa ameng'oka jino. Kibacha aliona kwamba sheria ikilegea kwa sababu ya maji, kesho italegea kwa sababu ya mvua, akaamuru itimizwe mbele ya wote. Mtoto akasukumwa kutoka juu, akapita mbele ya Sangiwa karibu sana. Sangiwa alinyoosha mkono. Ncha ya kitambaa cha mtoto ilimgusa vidoleni, ikapita.

Sangiwa akamwambia Kiande, "Toa jiwe la kona, maji yaanguke."

Kiande akatikisa kichwa. "Limekaa."

Alimwambia mara tatu, naye mara tatu akajibu hivyo, kwa maana hakuwahi kuliondoa jiwe lililokaa. Basi Sangiwa akalivunja mwenyewe kwa nyundo ya babu yake, na maji yakamwagika gengeni, yakafuata njia ya mtoto.

Siku kumi kijiji kilikunywa tope. Waliotumwa kumwua walifika penye ule wembamba wakageuka, kwa kuwa njia ile haipitiki kwa miguu. Siku ya kumi na moja Kibacha akaenda mwenyewe, na watu wote wakakaa kilimani ng'ambo ya pili kutazama. Mtemi ambaye hakuwahi kumpigia mtu goti alipiga magoti, kisha akalala, akatambaa, kisu kimefichwa kwenye nguo ya kiunoni.

"Mgeni," alisema alipomfikia, "nimekuja tupatane," akamchoma begani.

Sangiwa akamkamata kifundo cha mkono na kukipinda, kisu kikaanguka. Kibacha akapapatika kama watu wa miguu wanavyopapatika mahali pa kulala, akateleza, akabaki ananing'inia gengeni kwa mkono ule mmoja ulioshikwa.

"Nipandishe."

"Mimi ni nani?"

Kibacha akatafuta pa kukanyaga kwa miguu, asipaone. Mkono ukateleza kidogo kwa damu ya bega. Ndipo akapaza sauti, na wote ng'ambo wakasikia. "Wewe ni Sangiwa. Ni Sangiwa mwana wa Semvua."

"Nimekusikia," alisema Sangiwa. "Na hukumu ya atakayelitaja uliitoa wewe."

Akafungua mkono.

Kiande alikuwa nyuma yake, hatua tatu tu, na yule alikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Hakupiga kelele, hakujipiga. Aliinama akaanza kulijenga upya lile pengo la kona, na jioni maji yakapita.

Hivyo sheria ya genge ikafa, na Sangiwa akatawala miaka thelathini. Msidhani alikuwa mpole. Kila mwanamume aliyewahi kusukuma mtoto aliamriwa kusafisha mfereji kwa kifua, kwenda na kurudi, na wa kwanza alikuwa Semvua. Mzee yule alikata roho kwenye kona ya tatu. Walipompelekea mwana habari, alisema, "Mtoeni, maji yapite," wala hakuja maziko. Nanzia naye alisimama mlangoni siku ile jina liliporudi, akasema, "Sangiwa, mwanangu, ingia ndani ule." Sangiwa alimtazama sana. Akajibu, "Nimezoea hapa, mama," akala nje juu ya jani, na hivyo akala mpaka mama yake alipokufa.

Kifo chake kililetwa na mvua kubwa. Jiwe lilishuka kutoka juu likavunja ukuta wa Ikuvo, na Sangiwa alipotambaa kuziba, jiwe la pili likambana kiunoni ndani ya pengo. Alikuwa mzee, lakini mikono yake ilikuwa mizima, akawa anasukuma na halisogei. Maji yalianza kuula mwamba wa chini. Ili kumtoa, ilibidi kubomoa ukuta uliosalia, na mfereji wote ungekwenda. Kiande, mwenye mvi sasa, alikuwa juu yake na jiwe mkononi.

"Jenga," alisema Sangiwa.

Akajenga. Aliyafuata maungo yake kama anavyofuata umbo la mwamba, akijaza kwapani, akijaza shingoni, na waliokuwa nyuma walimsikia Sangiwa akitoa amri mle ndani, akieleza ni jiwe gani linavuja, mpaka karibu na adhuhuri. Kisha Kiande akasema, "Limekaa." Akaketi pale siku tisa akigeuza kokoto moja kiganjani. Wako wasemao alimtii bwana wa maji. Wako wasemao alimlipia kaka yake kisasi. Hakuwahi kuulizwa, kwa kuwa walijua hataitikia.

Sangiwa bado yumo, na maji yanapita juu ya kifua chake. Ndiyo maana kabla ya mvua kila mmoja wetu, mwenye miguu na asiye nayo, hupita Ikuvo akitambaa, na anayesimama hufukuzwa mlimani. Ndiyo maana pia msimamizi wa mgao wa maji huchaguliwa kutoka kwa wasiotembea, wasioona, wasiosema, na wale ambao akili zao zina njia yake. Na mtu mwenye viungo vyote vizima akiiomba kazi hiyo, hujibiwa kwa heshima kwamba angojee hao waishe kwanza.