Kaseti Aliyoahidi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi kwenye nyumba zenye sebule na televisheni, Nguchiro alipita mlango kwa mlango na mchoro mkononi.

Wengi walikuwa na zile mashine za gemu za zamani, za kuchomeka kaseti. Lakini miaka mingi hakuna aliyezitengenezea gemu mpya. Watu walicheza zilezile mpaka wakazikariri.

"Mimi nitatengeneza mpya," Nguchiro alimwambia Kiboko. "Inaitwa Mbio za Mtoni. Nichangieni chakula nikae nyumbani nifanye kazi. Mavuno yakifika, kila aliyechanga anapata kaseti yake."

Kiboko alimfikiria mama yake, Bi Mashavu. Bibi yule alipenda gemu kuliko uji, na macho yake yalikuwa yanafifia. Mganga alikuwa amesema ataona miaka miwili, pengine pungufu. Kiboko akatoa magunia matatu ya mchele. Nyati akatoa mtama. Tembo akaleta mtungi wa asali.

Mavuno yakafika. Kaseti hakuna. Ikaja barua.

"Wapendwa wachangiaji, kazi inakwenda vizuri. Nimeongeza mamba anayeruka. Naomba muda kidogo."

Masika yakapita, ikaja nyingine: mchoraji anaumwa. Vuli ikapita: maboksi yamechelewa, lakini rangi yake mtaipenda.

Kiboko akachoka. Akaenda kugonga, ngo ngo ngo.

"Nguchiro, nionyeshe hata kipande kimoja kinachocheza."

"Mzee wangu, chakula ukikionja jikoni, mezani hakitakuwa na ladha."

"Sijaomba kuonja. Nataka kuona kama jiko limewashwa."

Tembo alikuwa pale pale, ameleta mtungi wa tatu. "Ndugu yangu, unamvunja moyo kijana. Kazi ya ufundi haiharakishwi."

"Mwaka wa pili huu, Tembo. Mama hasomi tena hata saa ya ukutani."

"Basi chukua mchele wako uende."

"Mchele umeliwa. Huoni alivyonenepa?"

Nguchiro akaona mambo yameharibika. Siku ya tatu akawaita wote sebuleni kwa Bi Mashavu. Akafika na boksi linalong'aa, akatoa kaseti, akaichomeka, kra. Televisheni ikalia ti-ti-tiri, ti-ti-tiri. Mtumbwi mdogo ukaonekana ukikimbia mtoni.

Tembo akafuta machozi. "Unaona, Kiboko? Nilikwambia."

Bi Mashavu alikuwa kwenye kiti chake, kidude cha kuchezea gemu mapajani. Aliinamisha kichwa akisikiliza.

"Mwanangu Nguchiro," akasema, "gemu yenye wimbo huu niliicheza kabla mama yako hajazaliwa. Sasa hivi atatokea bata upande wa kushoto."

Bata akatokea kushoto, kwaa.

"Halafu mawe mawili. Halafu daraja lililovunjika."

Yakaja mawe mawili. Likaja daraja lililovunjika.

Kiboko akachomoa kaseti, akakwangua karatasi iliyobandikwa juu yake kwa jino. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, imegeuka manjano kwa uzee, na jina jingine kabisa.

"Gemu yetu iko wapi?" akauliza polepole.

Nguchiro akatazama sakafu. "Haipo. Mimi najua kuchora tu. Nilitaka kusema mavuno yale ya kwanza, lakini Tembo akaniletea mtungi wa pili."

Nyati akainuka kumkamata. Nguchiro akapita katikati ya miguu yake, chururu, akatokea dirishani, mbio hadi kwenye tundu lake. Walijaribu kumfuata. Hata kwato ya Nyati haikuingia mlangoni.

Wakarudi sebuleni.

"Labda," Tembo akaanza, "tukimpa muda..."

"Tembo," Kiboko akasema, "nyamaza."

Bi Mashavu akanyoosha mkono. "Nirudishieni hiyo kaseti. Bado naona kidogo."

Basi wanangu, anayekuletea sababu mpya kila msimu hana kingine cha kukuletea.