Mkono Juu ya Namba

Namba isiyotikisika ina mkono juu yake. Ndivyo alivyosema Nakijwa sasa hivi, akimtania kaka yake, na nyote mkacheka isipokuwa Elisaria mwenyewe. Elisaria alikuwa akitusomea kwenye simu jinsi pesa yake aliyoiweka huko mtandaoni inavyoongezeka asilimia mbili kila siku, siku ya ishirini na saba leo, haijazidi wala kupungua hata senti. Nakijwa akamtupia methali. Sasa mnaniuliza mimi shangazi yenu imetoka wapi, kama ni ya wazee wa hapa Usangi au ya Biblia.

Si ya zamani hivyo. Nilikuwepo ilipozaliwa, na niliyeizaa kwa uchungu ni mimi, ingawa aliyeitamka ni bibi yenu Navoneiwa. Endeleeni kupukuchua maharage. Habari hii inataka masikio yenu, mikono muiachie kazi yake.

Babu yenu alipofariki aliacha bahasha ya kaki ndani ya sanduku la nguo. Ndani yake mlikuwa na hati za hisa elfu kumi na mbili za kampuni moja ya saruji, jina silitaji, hisa chache za benki, na vipande vya mfuko wa uwekezaji. Wakati huo nilikuwa mhasibu wa halmashauri kule Dodoma, na mhasibu akiona bahasha imekaa bure hawezi kutulia. Nikatengeneza jedwali la mtandaoni. Safu ya kwanza jina, ya pili idadi, ya tatu bei ya leo, ya nne thamani yake. Safu ya bei sikuijaza mwenyewe. Niliifunga kwa fomula kwenye ukurasa unaotangaza bei za soko la hisa kila jioni, ikawa inajibadilisha yenyewe, na jumla ikajihesabu chini kabisa. Nikamtumia kiungo baba yenu Anaeli aliyekuwa Mwanza, na bibi yenu hapa nyumbani.

Bibi yenu alifundisha hisabati darasa la sita na la saba kwa miaka thelathini na minne. Msidhani alihitaji kufundishwa mara mbili. Kila asubuhi akimaliza chai alivaa miwani, akafungua jedwali, akashuka nalo mstari kwa mstari mpaka chini, kisha akafunga simu na kuendelea na shughuli zake. Alisema ni sawa na kwenda zizini kuona kama mifugo yote imeamka.

Na alikuwa na sababu ya kuangalia. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imelika. Alikuwa akitoka mlangoni mpaka jikoni kwa kushika ukuta. Hospitali walisema nyonga ibadilishwe, na gharama yote, pamoja na kulazwa na mazoezi, ni milioni kumi na mbili. Jedwali lilikuwa likionyesha karibu milioni kumi na saba, na nyingi zilikuwa za saruji, kwa bei ya shilingi elfu moja mia mbili arobaini kila hisa. Tukakubaliana hisa ziuzwe, bibi atibiwe. Zilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo sahihi ya kuuza ilikuwa yake peke yake, na siku ya kuuza aipange yeye. Akapanga Agosti, maharage yakishavunwa. Kwa nini akimbie? Pesa ilikuwepo, aliiona kila asubuhi.

Kabla sijafika kwenye kosa langu, kuna jambo moja la nyumba yetu ambalo ninyi mmelikuta likiwa limelegea. Kaka yake babu yenu alikuwa fundi rangi. Siku moja alipigiwa simu ya msiba akiwa juu ya ngazi, akaanguka, na hakuinuka tena. Tangu hapo bibi yenu akaweka amri: katika nyumba hii habari mbaya haipigiwi simu wala haiandikwi. Unakwenda mwenyewe, unamkalisha mtu chini, unamuuliza kama amekula, ndipo unasema. Nilikua nikijua kwamba mgeni wa ghafla akiniuliza kama nimekula, kuna mtu amekufa.

Basi mwezi wa Mei, jioni moja nikiwa ofisini, nikafungua jedwali nikaona saruji imeshuka hadi elfu moja mia moja na thelathini. Magazeti yalisema tanuri kubwa la kiwanda limepasuka. Kwa mtu wa soko la hisa hiyo ni habari. Kwangu mimi ilikuwa habari mbaya, na kesho asubuhi mama yangu angeisoma kwenye simu, peke yake, kikombe cha chai mkononi. Nikaona nitakuwa nimevunja amri kwa mkono wa jedwali nililolitengeneza mwenyewe.

Nikabofya kile kisanduku, nikafuta fomula, nikaandika 1,240. Nikajiambia ni kwa siku tatu tu. Ijumaa nitaomba ruhusa, nitapanda basi, nitamkalisha mama chini nimweleze, auze haraka kabla haijashuka zaidi. Kwa bei ya siku ile, hata baada ya kushuka, pesa ya nyonga ilikuwa inatosha na kubaki.

Ijumaa mkuu wangu wa idara akakataa. Tulikuwa tunaelekea kufunga mwaka wa fedha, na mhasibu hapewi ruhusa kabla ya tarehe thelathini ya Juni hata akiota pembe. Nikasema wiki ijayo nitambembeleza. Wiki ijayo saruji ikawa elfu moja na hamsini. Nikafungua jedwali la pili, la siri, nikaandika humo bei ya kweli kila jioni, na lile la familia nikaliacha limetulia kama maji ya mtungini.

Wanangu, sijawahi kuishi kwa hofu kama ile. Ikifika saa kumi na moja jioni naacha kila kitu. Nafungua jedwali la siri: mia tisa themanini. Kesho yake mia tisa arobaini. Chakula hakishuki. Asubuhi saa mbili, popote nilipo, najua sasa hivi mama anavaa miwani, sasa hivi anasoma uongo wangu, sasa hivi ameridhika na kufunga simu. Nilitamani kurudisha fomula, lakini sasa ingekuwa vibaya zaidi, maana asingeona imeshuka kidogo, angeona imeporomoka. Kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa nzito. Baba yenu Anaeli naye alinipigia akifurahi, akasema saruji ina moyo, wenzake wote wanashuka yenyewe imesimama. Nikamwitikia. Ningemwambia, angempigia mama dakika ileile, maana baba yenu na siri ni moto na petroli.

Siku moja katikati ya Juni mama mwenyewe akanipigia. Tukasalimiana, tukazungumza mvua na mbuzi wa jirani. Kisha akauliza.

"Naanjela, saruji yetu imetulia eti?"

"Imetulia, Mama."

Akasema sawa, akakata simu. Mpaka siku ile nilikuwa nimedanganya kwa kidole. Siku ile nikadanganya kwa mdomo.

Tarehe thelathini ikafika, hesabu zikafungwa, nikapewa ruhusa kuanzia Jumatatu. Nikakata tiketi. Bei ilikuwa mia sita na kumi. Jumamosi mchana nilikuwa nimepanga nguo kitandani, nikisema maneno ya kumwambia mama mbele ya kioo, nikasikia bajaji inasimama getini. Nikachungulia dirishani. Dereva alikuwa ameshika mkono mmoja wa mama yangu na mkono wa pili ulikuwa kwenye fimbo, naye anashuka kidogo kidogo, uso umekunjamana kwa maumivu.

Usangi mpaka Dodoma mnaijua. Alishuka mlima na gari la asubuhi, akapanda basi Mwanga, akalala Arusha kwa mtoto wa dada yake, akapanda jingine alfajiri. Siku mbili, kwa nyonga ile. Nikamkimbilia, nikampa shikamoo, nikampokea mfuko. Ulikuwa na maharage, ndizi, na daftari la shule lenye jalada la bluu. Nikamkalisha kwenye kochi, nikataka kumwekea maji ya kuoga.

Akanizuia. "Acha hayo. Kaa chini kwanza," akasema. "Umekula?"

Nikakaa. Nikafikiri Anaeli amekufa.

Akafungua daftari. Kila ukurasa alikuwa amechora mistari kwa rula na kunakili jedwali letu la siku ile, bei zote, tangu siku nilipomtumia kiungo. Kumbe hakuwa akisoma tu. Akaweka kidole kwenye benki akashuka nacho: leo imepanda kumi, kesho imeshuka tano, keshokutwa imepanda mbili. Vipande navyo vilikuwa vikipanda kidogo kidogo. Kisha akakiweka kwenye saruji. Elfu moja mia mbili arobaini. Akafunua ukurasa. Elfu moja mia mbili arobaini. Akafunua mwingine. Siku arobaini na sita.

"Hakuna kitu sokoni kinachokaa siku arobaini na sita bila kutikisika," akasema. "Nyanya hazikai. Kahawa haikai. Namba isiyotikisika ina mkono juu yake, mwanangu. Kuna mtu ameingia kwenye jedwali lako anakudanganya. Simjui ni nani, labda ni dalali, labda ni mtu wa ofisini kwako. Nilikuuliza kwenye simu nikaona na wewe hujui. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, usije ukasikia kwa watu ukaanguka."

Sikuanguka, lakini ningependa kuanguka. Mama yangu alikuwa amebeba nyonga iliyolika siku mbili njiani ili kunikinga mimi na habari ya uongo wangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "mkono ni wangu."

Nikamweleza yote, tangu tanuri mpaka tiketi iliyokuwa mezani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ulikuwa unanikinga na nini?"

"Na hofu, Mama."

"Hofu ilikuwa yangu," akasema. "Na nyonga ni yangu. Ungeniachia vyote viwili nijue cha kufanya." Kisha akanisogezea simu yake. "Utoe huo mkono. Nataka nione."

Nikafuta 1,240, nikarudisha fomula. Kisanduku kikawa kitupu kidogo, kikafikiri, kisha kikaandika 610. Chini kabisa jumla ikashuka mbele ya macho yetu kutoka karibu kumi na saba hadi tisa na kitu. Mama akavua miwani, akaipangusa kwa kanga, akaivaa tena, akaandika mia sita na kumi kwenye daftari lake. Hapo ndipo nilipolia.

Jumatatu tukaenda kwa dalali, akatia sahihi, zikauzwa kwa mia tano tisini. Haikutosha, hata pamoja na hisa za benki na vipande vya bahasha. Nikauza vipande vyangu, baba yenu akauza pikipiki yake, na bado mpaka Februari ndipo alipofanyiwa upasuaji. Daktari akasema angewahi miezi ile mifupa ingekuwa na hali nyingine. Mguu ukabaki mfupi kidogo. Ile fimbo iliyoko nyuma ya mlango wa jikoni, ambayo mlizoea kusikia inagonga sakafu kabla hamjamwona bibi, ilitakiwa kuachwa hospitalini. Mnasema bibi alikuwa na mwendo wake wa kipekee. Mwendo ule niliuandika mimi, siku ya kwanza niliyobofya kisanduku kile.

Hakunisema tena. Ila kila asubuhi mpaka alipofariki aliangalia bei ya saruji, ingawa hatukuwa nayo tena, akanitumia ujumbe wa neno moja: Imetikisika. Hata siku zilizoshuka. Nikiupata, ndipo nakunywa chai.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baba yenu akaichukua akaipeleka kazini kwake, wenzake wakaipeleka kwao, na leo Nakijwa anamtania nayo kaka yake bila kujua imegharimu nyonga ya nani.

Unasema nini, Elisaria? Sema kwa sauti, hakuna wa kukucheka. Umejaribu kuitoa tangu Jumatano? Na wanakujibu ombi lako linashughulikiwa. Hiyo ndiyo ada yote ya chuo, au kuna iliyobaki?

Yote.

Nakijwa, ondoa hilo beseni kaka yako apate nafasi. Njoo ukae hapa karibu yangu, mwanangu. Umekula? Kula kwanza. Baba yako hatumpigii simu. Kesho asubuhi tutashuka Mwanga mimi na wewe, tutapita polisi kwanza, kisha tutamfuata huko aliko, tumkalishe chini tumweleze kwa midomo yetu, aione hofu yake mwenyewe wakati bado inaweza kumsaidia. Mkono wa nani hatuujui, na huenda tusiujue kamwe. Lakini siku ishirini na saba bila kutikisika, Elisaria. Namba isiyotikisika ina mkono juu yake.