Sauti ya Tembo na Uzi wa Kioo

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakitumiana maneno kwa mwanga, Buibui alitandaza uzi wa kioo kutoka milimani, ukapita uani kwa Tembo, ukafika mtoni. Ukisema upande mmoja, maneno yaligeuka mwanga, mrrr! yakasikika upande wa pili. Lakini uzi ulikuwa na rangi chache tu, na kila rangi ilibeba sauti moja kwa wakati mmoja.

Mtoni aliishi Pimbi. Mama yake, mzee sasa, alikuwa milimani, na maporomoko ya ardhi yalikuwa yameikata njia ya miguu ya kwenda huko. Kilichobaki kati yao ni ule uzi. Kila jioni Pimbi alitega sikio. Alisikia nini?

"Miiimi ndiye Teeembo! Buum! Buum!"

Jirani yake hapo mtoni, Bi Kiboko, aliuagiza wimbo huo kwa rangi nyekundu. Nyati aliuagiza uleule kwa kijani, Kifaru kwa samawati. Wimbo mmoja, rangi zote zimejaa!

"Shangazi Kiboko," Pimbi aliomba, "niachie rangi moja leo. Nimemkumbuka mama."

"Na mimi nilale bila wimbo? Toka hapo, usiye na mkia!"

Pimbi hakumchukia. Kila mtu ana kitu kinachomlaza. Akaenda kwa Tembo.

"Hodi, mjomba!"

"Karibu! Umeona uzi ulivyojaa mimi?" Tembo akajipepea kwa masikio, pwa! pwa!

"Nimeona. Ila, mjomba... basi, tuyaache."

"Sema!"

"Jana Bi Kiboko alilala katikati ya wimbo."

Ilikuwa kweli. Alilala hivyo kila siku.

"Alilala! Mimi nikiimba?"

"Si kosa lako, ni safari. Sauti nene kama yako ikipenyezwa kwenye uzi mwembamba hufika imechoka. Ungeiweka palepale mtoni, ndani ya mtungi, wangekusikia mzimamzima."

Mitungi ya enzi zile ilishika sauti kama inavyoshika maji. Tembo akatoka mbio hadi mtoni, gudu! gudu! Akatumbukiza mkonga ndani ya mtungi, akaimba mpaka ukafurika. Pimbi akaufunika, pa! Tembo akarudi kwake.

Jioni Bi Kiboko akaufunua. Nyati na Kifaru wakasogea, wakasikiliza wote pamoja. Bi Kiboko alikoroma kabla ya ubeti wa pili.

Kwenye uzi, kimya.

"Wewe Pimbi!" Tembo akaita kwa rangi nyekundu. "Mbona leo hakuna anayeniagiza?"

"Mjomba, uko nao nyumbani. Wakuagize wa nini?"

Tembo akafikiri. "Kweli kabisa," akasema, akaenda kulala ameridhika.

Ndipo rangi ya kijani ikatetemeka. Sauti ndogo ikaja, yenye kikohozi.

"...umekula, mwanangu?"

Pimbi akasogeza sikio kwenye uzi.

"Najua hunisikii. Nauliza tu, kama kila jioni. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nakusikia."



"Hebu," mama akasema taratibu, "sema tena."

Nanyi mkikua, wanangu, kinachopendwa na wengi kiwekeni karibu nao, ili njia ibaki wazi kwa anayesubiri sauti moja tu.