Fundo la Saba

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Neno likishatoka kinywani na kumpa mwenzako tumaini, huna tena haki ya kulipunguza, hata kama ulilitamka kwa kicheko.

Verlin Haugen, mkulima wa ngano katika nyanda za Dakota ya Kusini, alikuwa mtu wa kicheko. Hesabu kamili haikutoka kinywani mwake hata siku moja. Ukimuuliza ana ng'ombe wangapi, zilioni, namba ya kubuni isiyo na kikomo. Panya wa ghalani, zilioni. Mara alizoambiwa avue viatu mlangoni, zilioni vilevile. Mkewe Ardis alikuwa amefundisha shule ya chumba kimoja kabla ya kuolewa, na neno hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

"Hebu niandikie hiyo zilioni yako," alimwambia mara nyingi. "Ina sifuri ngapi?"

"Chaki itakwisha, Mwalimu," Verlin alimjibu.

Asubuhi moja ya Januari, mwaka 1949, Ardis alijitanda skafu yake ya sufu ya buluu, ile yenye matamvua marefu, akachukua ndoo ndogo ya supu ya kuku. Alikuwa akienda kwa Thelma Sorum, mjane aliyelala na homa, nusu maili upande wa kusini. Verlin alisimama mlangoni akiangalia mbingu.

"Mawingu yale siyapendi."

"Nitarudi kabla ya chakula cha mchana. Kukichafuka, utanipigia kengele?"

Kila shamba pale lilikuwa na kengele juu ya mlingoti karibu na jiko. Dhoruba ya theluji ikishuka, mtu huweza kupotea baina ya nyumba yake na banda lake, akafa akiwa amenyoosha mkono kuutafuta ukuta. Aliye nyumbani hupiga kengele, aliye nje huufuata mlio.

"Nitakupigia mara zilioni," alisema Verlin.

"Nakuuliza kweli, wewe."

"Na mimi nakujibu kweli. Zilioni, haitapungua hata moja."

Ardis alicheka. "Haya. Nami nitazihesabu."

Saa tano na nusu dhoruba ilishuka kama shuka jeupe lililotupwa juu ya dunia. Verlin hakuuona tena hata uzio wa ua. Alitoka, akashika kamba, akaanza kupiga. Alihesabu kwa sauti ili asiusikie upepo. Alipofika mia tatu, nyusi zake zilikuwa barafu. Alipofika mia sita, vidole havikuwa vyake tena. Kwenye mia sita na arobaini aliiachia kamba.

"Thelma hawezi kumruhusu atoke katika hali hii," alijiambia. "Na Mwalimu si mjinga."

Aliingia ndani apate moto kidogo tu. Alikaa karibu na jiko, akajimiminia kahawa, na kabla hajaimaliza usingizi ulimchukua. Alipozinduka, upepo ulikuwa umetulia na jua linang'aa juu ya theluji. Kahawa ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Alimkuta Ardis hatua themanini kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama wima, amejiegemeza kwenye seng'enge, uso wake umeelekea nyumbani kama mtu anayesikiliza. Mikono yake ilikuwa imeshika ncha ya skafu. Kwenye matamvua palikuwa na mafundo sita, yamekazwa vizuri, moja kwa kila mia. La saba lilikuwa limeanzwa tu, kitanzi kilicholegea.

Baada ya maziko Thelma, bado akikohoa, alimshika Verlin mkono.

"Nilimwambia alale kwangu, jamani. Nilimsihi. Akasema, 'Kengele ya Verlin naisikia, upepo unaileta. Ameniahidi zilioni, hawezi kuacha.' Akacheka, akatoka."

Verlin alirudi nyumbani, akaitundika skafu kwenye msumari karibu na mlango, akatoka kwenda kwenye mlingoti. Alianzia mia sita na arobaini na moja. Alipotimiza mia saba aliingia ndani kuvuta pumzi.

Fundo la saba lilikuwa limekazwa.

Alisimama pale mpaka theluji ya viatu vyake ikayeyuka sakafuni. Hakuligusa. Alirudi nje akapiga mia nyingine, na aliporudi, la nane lilikuwa tayari, limekazwa kwa namna ileile, mkia wake ukielekea kushoto, kwa maana Ardis alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Machi ilipofika na theluji kuanza kulainika, majirani walikuwa wamechoka kuisikia kengele. Wakamtuma Thelma.

"Verlin, unampigia nani?" aliuliza akiketi. "Watu wanasema umerukwa na akili."

"Wana haki ya kusema."

Macho ya Thelma yaliangukia kwenye skafu. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliobaki bila fundo, upande huu na upande ule.

"Haya unayafunga wewe?"

"Anayafunga anayehesabu."

"Lakini matamvua yamekwisha, ndugu yangu. Basi na yeye ameridhika."

"Nilidhani hivyo. Tazama dirishani."

Pazia la jikoni, ambalo Ardis alilishona mwenyewe, lilikuwa na tamvua fupi jeupe. Kwenye ncha yake ya kushoto palikuwa na mafundo mawili.

Thelma alinyanyuka taratibu, akajifunga koti lake mpaka kidevuni. "Umebakisha ngapi?"

"Sijui," alisema Verlin, akiwa tayari amefungua mlango. "Mwalimu aliniuliza ile namba yangu ina sifuri ngapi, sikumjibu."

Thelma alikwenda zake bila kugeuka nyuma, na mlio ukamsindikiza njia nzima, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia Verlin akilitaja tena lile neno. Alihesabu tu. Kweli, ahadi ni deni.