Barua Isiyopitwa na Siku

Hapo zamani, zama ambazo watu walihesabu siku mpya tangu jua linapotua, alikuwapo Sultani mmoja aliyechukia barua zilizochacha. Basi akatoa amri: kila ombi liwe na tarehe ya siku ile ile atakayolisoma yeye. Lenye tarehe ya jana lichanwe, na atakayemkabidhi waziri barua yenye tarehe ya kesho achapwe viboko kwa uongo. Amri nzuri hiyo! Ila waziri alipokea barua mwisho alasiri, na Sultani akizisoma baada ya sala ya magharibi, siku imekwisha geuka. Ikawa barua zote zinachanwa, na nani wa kumwambia? Thubutu!

Basi palikuwa na fukara mmoja, Mshangama, ambaye nduguye Vuai alikuwa kifungoni mwaka wa pili, kwa kuwa punda wa Sultani alimfia mikononi, kwa uzee. Barua tisa za kumwombea zilikwisha chanwa, na sasa Vuai anakohoa damu. Mshangama akaandika ya kumi.

Sultani akaifungua, akakunja uso. Mshangama akaitwa.

"Ewe Mshangama, hapa pa tarehe umeandika nini?"

"Nimeandika, Seyyid yangu, kwamba msomaji amuulize waziri wake leo ni tarehe ngapi, na jibu atakalopewa ndiyo tarehe ya barua hii."

Sultani akamgeukia waziri. "Leo tarehe ngapi?"

"Tarehe tatu Shaabani, bwana wangu."

"Na barua hii ni ya lini?"

Waziri akajibu, "Tarehe tatu Shaabani."

"Na nikiisoma keshokutwa?"

"Itakuwa ya keshokutwa," akasema Mshangama, "lakini nakusihi usingoje, bwana. Ndugu yangu anakufa, nami naogopa."

"Mbona hukuandika tarehe kama watu?"

"Niliandika mara tisa, bwana. Naileta mchana, nawe unaisoma jua limekwisha tua."

Sultani akatazama dirishani, akatazama barua, kisha akamgeukia waziri.

"Tangu amri ile, tumechana barua ngapi?"

"Zote, bwana wangu."

Sultani akataka kucheka, kicheko kikakataa. Akaamuru Vuai afunguliwe saa ile ile, akavua joho lake, akampa Mshangama.

"Ahsante, Seyyid," akasema Mshangama, akilikunja kwapani. "Nitamvika Vuai. Kule ndani kuna baridi."